Sikukuu Ngarambe: Historia ya Kujitolea na Deni la Wasomi kwa Kijiji

Kila mwaka ifikapo Desemba, vyuo vikifungwa na ofisi zikipunguza kasi, vijana wengi wa mijini hufunga mizigo na kuelekea vijijini. Wapo wanaorudi kwa wazazi wao. Wapo wanaokwenda kwa mwito wa vikundi, vyama na mashirika ili wafundishe, wapande miti, wapake rangi madarasa au wagawe madaftari. Hawa huitwa watu wa kujitolea, na miongoni mwao huwamo pia wageni kutoka Ulaya na Marekani ambao hula Krismasi yao ya kwanza mbali na kwao chini ya mwembe wa kijiji cha Kiafrika, kisha huandika habari zake kwa mshangao mkubwa.

Desemba iliyopita nami nilikuwa miongoni mwa wanaojitolea. Nilikaa wiki tatu Ngarambe, wilayani Rufiji, nikisaidia kuwaandaa watoto waliomaliza darasa la saba kwa ajili ya kidato cha kwanza. Asubuhi tulisoma; mchana, wakati watoto wamekwenda shamba, nilikaa na wazee. Ndugu msomaji, sikusudii kukusimulia safari. Nataka kulijadili jambo ambalo safari ile ilinilazimisha kulitazama: kwamba kijiji tunachokwenda kukisaidia wakati wa sikukuu kina historia yake ya sikukuu, kina historia yake ya kujitolea, na kwa mambo yote mawili sisi tulioelimika tunadaiwa.

Wanafunzi wangu wengi hulijua jina la Ngarambe. Wamelikariri kwa ajili ya mtihani: Kinjikitile Ngwale, maji, Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wachache sana wanajua kwamba Ngarambe ni kijiji chenye shule, zahanati, mashamba ya korosho na ufuta, na watu wanaolala juu ya madungu kulinda mahindi yao dhidi ya tembo.

Kalenda tatu

Ili kufika Ngarambe kutoka Dar es Salaam unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha unaiacha lami ya Lindi na kuelekea magharibi. Ukiwa huko umekaribia mpaka wa lile lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kijiji hiki, pamoja na jirani yake Tapika, kimetenga ardhi kwa ajili ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Wanyama nao hawaisomi ramani. Huingia shambani wanapotaka.

Mtu anayekaa hapo mwezi wa Desemba hugundua upesi kwamba anaishi ndani ya kalenda tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni kalenda ya dini. Wenyeji wengi wa ukanda huu, wawe Wandengereko, Wamatumbi au Wangindo, ni Waislamu. Sikukuu zao kubwa ni Idi mbili na Maulidi, na hizo hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo haziwekwi kwenye ratiba ya likizo ya mtu yeyote. Krismasi ni sikukuu ya watumishi: mwalimu aliyetoka Mbeya, muuguzi aliyetoka Kagera, askari wa wanyamapori aliyetoka Mara. Hata hivyo, tarehe 25 majirani Waislamu walikuja na masinia ya wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa mtoni, nao walimu walikuwa wamechinja kuku kwa mkono wa Mwislamu ili kila mmoja ale bila shaka moyoni. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu uvumilivu wa kidini. Mama mmoja aliniambia tu, "Idi walikula kwetu, mwalimu. Leo zamu yao."

Ya pili ni kalenda ya serikali. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru. Kijijini siku hiyo bendera hupepea shuleni na ofisini, na redio huleta sauti za mbali. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za siku hiyo na kuagiza ifanyike kazi ya usafi nchi nzima. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliahirisha gwaride na kuelekeza fedha zake kwenye ujenzi wa mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mara zote mbili watu wa mijini walibishana sana. Kijijini hoja hiyo ni nyepesi, kwa kuwa gwaride halijawahi kuwafikia.

Ya tatu ni kalenda ya mvua na mnyama. Desemba vuli imenyesha, mbegu zimeota, nguruwe wanafukua na tembo wanapita. Usiku wa Krismasi, wakati ngoma inasikika upande wa shule, mioto ya walinzi ilikuwa inawaka mashambani kama kawaida. Kijana mmoja aliyetoka sherehe mapema kwenda kumpokea babu yake dunguni alisema tembo hajui sikukuu.

Mgeni anayekuja kujitolea kwa kawaida huiona kalenda ya kwanza kwa sababu ina pilau, na ya pili kwa sababu ndiyo iliyompa likizo. Ya tatu huiona akikaa. Lakini Ngarambe kuna kalenda ya nne, isiyoandikwa ukutani, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mwaka ambao nchi ilikwenda Ngarambe

Mwaka 1904 mtu mmoja wa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale, alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo. Simulizi zilizokusanywa kwa wazee zinaeleza kwamba alizama katika bwawa la mto, ndugu zake wakamtafuta na kumlilia, na siku iliyofuata akatoka akiwa mzima, nguo zake zikiwa kavu, akisema maneno ya unabii. Hongo alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, pepo mkubwa aliyekuwa na mahali pake pa ibada kwenye mto Rufiji, ambako watu walizoea kwenda kuomba mvua na rutuba. Kwa maneno mengine, Kinjikitile hakuanzisha imani mpya kabisa. Alisimama juu ya desturi ya hija iliyokuwapo, akaipa ujumbe ambao wakati ule uliuhitaji.

Watu wakaanza kwenda Ngarambe. Walitoka Umatumbi, vilima vya Kichi, Ungindo, Kilwa na bonde la Rufiji. Kinjikitile alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu, na wakaamini kwamba pale wangekutana na wazee wao waliokufa. Walipewa maji, pamoja na nafaka, yaliyoaminika kuwakinga na risasi za Mjerumani. Habari zilienezwa kwa kunong'ona kutoka kijiji hadi kijiji, na mnong'ono huo ukapata jina lake, Njwiywila. Palichezwa pia likinda, ambayo kwa macho ya mpita njia ilikuwa ngoma, lakini kwa waliomo ilikuwa mazoezi ya kivita.

Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Katika miezi ile, makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja, wala lugha moja ya nyumbani, wala barabara, yalikusanyika katika kijiji kimoja kwa hiari yao. Waliacha mashamba, wakatembea kwa siku nyingi, baadhi wakiwa na sadaka mikononi. Mkusanyiko ule ulikuwa na sura zote za sikukuu: safari, mavazi, chakula, ngoma, ibada na matumaini. Maofisa wa Kijerumani na maakida wao walichelewa kuelewa uzito wake, kwa sababu walizoea kuiona ngoma ya mtu mweusi kuwa mchezo.

Wavumilivu wa kwanza kuishiwa na subira walikuwa Wamatumbi. Mwishoni mwa Julai 1905, kabla ya neno la kuanza kutoka Ngarambe, watu wa Nandete waliing'oa miche ya pamba katika shamba la kulazimishwa. Wakati huo Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro. Kifo chake hakikuzima kitu. Vita vilienea Mahenge, Kilombero na Songea, vikadumu hadi mwaka 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, kwa kuwa jeshi la mkoloni lilichoma mazao na maghala.

Hii ndiyo kalenda ya nne. Kuna msimu katika historia yetu ambao nchi ilikwenda Ngarambe kupokea, si kutoa. Anayeingia kijijini hapo leo na sanduku la madaftari na afahamu hivyo kabla hajalifungua.

Neno "kujitolea" lina umri wake

Kilichong'olewa Nandete kilikuwa pamba, lakini kilichokataliwa kilikuwa kazi ya namna fulani. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani. Kila eneo lilipewa shamba lake, jumbe akasimamia, watu wakalima kwa zamu na kwa kiboko, malipo yakiwa duni mno. Mkoloni aliiita ile kazi ya manufaa ya wenyeji. Mkulima alijua tofauti kati ya kumsaidia jirani kulima kwa ujima, ambako kesho jirani naye atakuja kwako, na kulima shamba ambalo mavuno yake hayana njia ya kurudi nyumbani.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo changu cha kujitolea kote kulikofuata.

Baada ya Uhuru, neno hili lilipewa heshima kubwa. Kaulimbiu ya "Uhuru na Kazi" ilitaka wananchi wajenge shule, zahanati na barabara kwa nguvu zao. Mwaka 1961 vijana wa kwanza wa Peace Corps kutoka Marekani walifika Tanganyika kupima barabara. Walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupelekwa popote duniani. Mwaka 1969 waliondoka, siasa za dunia zikiwa zimeharibu uhusiano, na mwaka 1979 wakarudi. Vijana wetu wenyewe walikuwa na Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 1963.

Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu walitumikie jeshi hilo kwa lazima, sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mamia ya wanafunzi wakafukuzwa. Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama fundisho dhidi ya ubinafsi wa wasomi, na fundisho hilo lipo. Lakini lipo na jingine: kazi inayoamriwa kwa sheria ni wajibu, nayo yaweza kuwa wajibu wa haki, ila tusiipake rangi ya hiari. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, lilikuwa wajibu pia.

Watu wa Rufiji walijifunza tofauti hiyo kwa njia ngumu zaidi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima kutoka bondeni, kwenye udongo wenye rutuba, hadi vijiji vya miinuko. Serikali ilikuwa na hoja: mafuriko yanaua, na shule haijengwi ndani ya maji. Mkulima naye alikuwa na hoja: mpunga hauoti juu ya mchanga wa mwinuko kama unavyoota kwenye tope la mto. Wengi waliendelea kurudi bondeni wakati wa msimu, wakilala madunguni. Miaka michache baadaye, mwaka 1973, kuishi katika vijiji kuliamriwa kwa nchi nzima. Ni historia hiyo inayomfanya mzee wa Rufiji, akisikia mgeni anasema amekuja kuleta maendeleo, anyamaze kwanza na kumtazama.

Likizo ya mwaka 1968

Katika historia hii ya amri na misaada, kipo kipande kimoja cha kujitolea ambacho nakiona kuwa cha kuigwa, nacho kilifanyika wakati wa likizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliendesha mradi wa utafiti wa Maji Maji. Gwassa alikuwa tayari amewahoji wazee wa Umatumbi na maeneo jirani mwaka 1967, na yeye pamoja na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo. Kisha mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza walipelekwa vijijini wakati wa likizo, wengi wao katika maeneo waliyozaliwa, wakakae na wazee na kuandika wanayoyasikia. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya maandamano ya 1966.

Fikiri kazi yao. Miaka sitini na kitu ilikuwa imepita tangu vita. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Kila msimu wa mvua uliondoka na shahidi. Wanafunzi wale hawakupeleka kitu kijijini isipokuwa salamu, kalamu na muda. Walimketisha mzee kwenye kiti cha mwalimu. Kazi yao ilibadilisha namna dunia inavyoielewa vita hiyo: kabla ya hapo ilisimuliwa zaidi kutoka katika majalada ya Wajerumani, ambamo Kinjikitile alikuwa mchawi na mchochezi. Baada ya hapo akawa mtu mwenye jina, ukoo na hoja. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake ya *Kinjeketile*, na jina la Ngarambe likaingia madarasani kwa Kiswahili.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya elimu iliyotokana na midomo ya wazee wale iko mbali nao. Tasnifu ya udaktari ya Gwassa, iliyokamilika mwaka 1973 na ambayo hakuna mtafiti wa Maji Maji anayeweza kuiruka, imeandikwa kwa Kiingereza. Vivyo hivyo vitabu na makala nyingi zilizofuata, za wenyeji na za wageni. Vimo katika maktaba za Dar es Salaam, London na Berlin. Mjukuu wa aliyehojiwa, akitaka kusoma babu yake alisema nini, anahitaji nauli, kitambulisho cha maktaba na lugha ya kigeni.

Mzee mmoja aliyenikaribisha barazani kwake, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kuniuliza habari za mjini, alinipa swali hili: "Mwanangu, wenye kalamu wamepita hapa wengi, tangu baba yangu yu hai. Wanauliza, tunasema, wanaandika. Nyinyi mnaosoma huko, mnatuambia tulisema nini?" Hakulalamika. Aliuliza kama mtu anayeulizia mzigo aliomkabidhi dereva wa basi.

Jibu la swali hilo ndilo deni ninalolizungumza.

Siku ni ya nani?

Katika orodha ya sikukuu za umma za Tanzania hamna siku ya Maji Maji. Tunaadhimisha Mapinduzi tarehe 12 Januari, Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Wafanyakazi tarehe 1 Mei, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere tarehe 14 Oktoba na Uhuru tarehe 9 Desemba. Kumbukumbu kubwa ya vita ile hufanyika Songea kila Februari, na kilele chake ni tarehe 27, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni. Songea inastahili. Pana makumbusho pale, pana kaburi la halaiki, na ni pale ambapo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha kwa yaliyotendwa na nchi yake.

Lakini taifa linaloikumbuka vita mahali ilipomalizikia kwa kitanzi na kupasahau ilipoanzia kwa mnong'ono linajifunza nusu ya somo. Songea inatufundisha ujasiri wa kufa. Ngarambe inafundisha jambo gumu zaidi na linalohitajika zaidi leo, yaani namna watu wasio na mfalme mmoja walivyokubaliana. Nyerere aliiona maana hiyo. Alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mjini New York, Desemba 1956, akidai uhuru wa Tanganyika, aliitaja Maji Maji. Kwa hiyo Uhuru tunaousherehekea kila Desemba, katika hoja za aliyeudai, ulikuwa na mzizi Rufiji.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba sikukuu zimetosha, na nchi maskini haina siku ya ziada ya kupumzika. Nakubali, wala siombi siku ya mapumziko. La pili ni kwamba maji yalishindwa, risasi ziliua, na kumwadhimisha Kinjikitile ni kuadhimisha ushirikina ulioponza maelfu. Hili ni zito na halipaswi kupuuzwa. Waliokufa walikufa kweli, na wapo waliokufa wakiwa wameamini. Lakini kumbukumbu si kibali. Tunaweza kumfundisha mtoto kwamba dawa ile haikuzuia risasi, na papo hapo tukamfundisha kwamba umoja ule ulimfanya mkoloni abadili mwenendo: baada ya vita serikali ya Kijerumani ililazimika kuyaacha mashamba yale ya pamoja na kuzitafakari upya sera zake. Hadithi isiyo na aibu ndani yake huwa ni tangazo, si historia.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi, na nililisikia kwa mtumishi mmoja wa umma: kijiji kinahitaji dawa, walimu na uzio wa kuzuia tembo, historia haishibishi. Ni kweli haishibishi. Lakini mahitaji hayo yote huombwa katika mikutano, na mtu huingia mkutanoni kwa namna anavyojitambua. Kijiji kinachojulikana kama mahali pa kusaidiwa huzungumza kwa sauti ya kuomba. Kijiji kinachojua kwamba kilipata kuwa makao ya fikra ya watu wa kusini nzima huzungumza kwa sauti ya kudai.

Tufanye nini

Mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, Nane Nane. Siku ya kunyongwa Kinjikitile, tarehe 4 Agosti, huangukia ndani ya wiki ya maonyesho ya wakulima. Vita ile ilianzishwa na wakulima kwa kung'oa zao walilolimishwa kwa nguvu. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuikumbuka. Maofisa wa kilimo, utamaduni na elimu wa halmashauri za Rufiji, Kibiti na Kilwa wanaweza kukubaliana kwamba kila tarehe 4 Agosti pawepo na saa moja, pale maonyesho yanapofanyika, ya wazee kusimulia na wanafunzi kuuliza. Hapahitajiki sheria mpya. Barua moja ya ofisi yatosha.

Pili, lugha. Idara zetu za historia na za Kiswahili zina wanafunzi wengi wanaotafuta mada za tasnifu za uzamili. Kutafsiri na kufasiri kwa Kiswahili kazi kuu za Maji Maji zilizoandikwa kwa Kiingereza, kwa ridhaa ya wenye haki, ni mada halali ya kitaaluma. Nakala zake zianzie katika shule za Ngarambe, Nandete, Mohoro na Kibata kabla ya kupangwa kwenye rafu za mjini.

Tatu, mwenendo wetu wa kujitolea. Wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda kijijini likizo ijayo, jipe kipimo cha ujima: je, yapo mavuno ya kazi yako yatakayobaki kwa mwenyeji, na je, mwenyeji naye ana kitu cha kukupa ambacho umejiandaa kukipokea? Nenda na daftari moja la ziada, lako mwenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuandika. Mwandike mzee kwa jina analotaka aandikwe. Kisha, na hili ndilo lililotushinda kwa nusu karne, chapisha ulichoandika kwa lugha aliyoisema, ukirudishe, ukisome mbele yake na umwache akurekebishe.

Kwa upande wangu, mwezi huu nimeanza na wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu kuandaa kijitabu cha Kiswahili chepesi kuhusu Ngarambe ya mwaka 1904 na 1905, kwa ajili ya darasa la saba. Rasimu itapelekwa kijijini kabla ya Agosti ili isomwe barazani na kusahihishwa na wenyewe. Msomaji mwenye kumbukumbu za ukoo wake kuhusu vita hiyo, hasa kutoka Rufiji, Kibiti na Kilwa, anakaribishwa kuniandikia. Jina lake litatajwa au kufichwa kama atakavyo. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 wameshaondoka. Watoto wao, waliokaa pembeni wakisikiliza baba zao wakihojiwa, sasa ndio wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na vuli ijayo haitatusubiri.